Vidole vya Mfaume Nangwele

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kwanza kutafuna, maana hadithi hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nikifika mwisho nitauliza swali, na atakayeniambia "sikusikia vizuri" nitamrudisha kwao na njaa yake. Hadithi yangu haina sungura wala zimwi. Ina mume mmoja, wake watatu, vidole kumi na karatasi moja ya serikali. Aliyewahi kuitafuta karatasi ya serikali anajua kwamba zimwi lingekuwa afadhali.

Mume huyo aliitwa Mfaume Nangwele, mtu wa Namkunda, mji mdogo wa kusini kwenye mikorosho. Alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Pilau yake ilinukia mpaka mtaa wa pili, wasioalikwa wakajialika wenyewe. Msimu wa harusi ukipita, alikaa barazani akabangua korosho kama watu wote wa Namkunda, ila yeye alikuwa na kiburi kimoja. Ganda la korosho lina utomvu mkali unaokula ngozi, na wabanguaji hupaka majivu mikononi wasiungue. Mfaume alikataa. Mpishi, alisema, hapaki majivu mikono yake. Basi akabangua mikono mitupu mwaka baada ya mwaka. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Wake zake watatu, kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Sikuzani, kipaji chake kilikuwa subira ya ofisini. Miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa mahakama ya mwanzo, akifagia na kuchemsha chai, na humo alijifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui, kwamba "njoo kesho" si jibu, ni salamu tu. Ukimwambia njoo kesho, anakuitikia ahsante mwanangu, kisha anakaa palepale anasuka ukili wake mpaka unaona haya.

Wa tatu, na wa kati namruka kwa makusudi, aliitwa Mwajabu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alijua mafuta gani ya kuungua na jani gani la uvimbe, na mtoto mwenye homa akishikwa naye hulala. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika nyumba ile, bado ana harufu ya uarusi.

Sasa wa kati. Jina lake Somoe, na kama nilivyomruka mimi ndivyo alivyorukwa maisha yake yote. Kipaji chake kilikuwa jicho. Somoe aliona. Aliona kipande cha samaki cha mwenzake kilivyozidi chake kwa mkia. Aliona kanga za Idi, ipi imekolea rangi na ipi imefifia, na hakusahau hata moja. Watu walisema ana kijicho. Yeye alisema ana macho tu, kama mtu yeyote, na kwamba katika nyumba ya wake watatu mke wa kwanza ana heshima yake, wa mwisho ana utamu wake, na wa kati ana zamu yake basi.

Siku moja kwenye harusi alifika mgeni, wakala wa kutafutia watu kazi ng'ambo. Alikula sahani tatu za pilau ya Mfaume, akaomba aonyeshwe mpishi. Ikawa habari kubwa. Muskati kuna bweni la wanafunzi linatafuta mpishi wa miaka mitano, nyumba ya kukaa ipo, na tiketi ni mbili, yake na ya mwenza wake. Mwenza mmoja. Sharti lilikuwa moja: ndani ya miezi mitatu alete hati ya polisi inayothibitisha kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai.

Mfaume alifurahi hata akili ikamtoka. Akasimama mbele ya shehe na majirani waliokuwa bado wanakula, akasema kwa sauti, "Mke atakayeniwezesha kuipata hati hiyo, ndiye nitakayepanda naye ndege."

Jamani, wanaume. Shehe alimvuta kanzu, akamnong'oneza kwamba mwenye wake wengi akitaka kusafiri hupiga kura, ndiyo desturi na ndiyo usalama wake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, ahadi ni deni, na jozi tatu za masikio zilikuwa zimeshalipokea. Sikuzani aliacha kupakua. Mwajabu alitabasamu. Somoe alikuwa kwenye vitunguu, macho yanamtoka machozi, na hapakuwa na aliyejua ni kitunguu au nini. Alichosema moyoni ni hiki: mara hii nichaguliwe mimi, mara hii moja tu katika umri wangu.

Mfaume akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho, akapiga picha mbili, akatoa nakala ya kitambulisho, akapanda basi kwenda mkoani, ofisi ya alama za vidole. Huko akamkuta afande mmoja mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani. Afande akampaka wino mweusi, akakibingirisha kidole gumba juu ya karatasi. Likatoka doa. Akabingirisha cha pili, doa. Vidole kumi, madoa kumi, hakuna mstari hata mmoja. Utomvu wa korosho ulikuwa umekula kila kitu.

Na hilo lilikuwa la kwanza tu. Afande alipolitafuta jina lake na kijiji chake kwenye daftari la zamani, akakuta kwamba miaka ishirini na mbili nyuma Mfaume Nangwele alishtakiwa kwa kuiba gunia la korosho ghalani. Kweli alishtakiwa. Alikaa rumande siku saba, mwizi akapatikana, mlinzi mwenyewe wa ghala, na Mfaume akaachiwa huru. Lakini daftari halikusema habari za kuachiwa. Liliandika ameshtakiwa, likanyamaza.

Afande hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu, nami nawaeleza nanyi, huenda siku moja ikawafaa. Mwenye kesi ya zamani alete nakala ya hukumu yenye mhuri wa mahakama. Asiye na alama za vidole arudi ngozi ikipona. Ombi lake litabaki pale, naye ataitwa kwa barua, na tangu tarehe ya barua ana siku thelathini za kufika. Akifika na vidole vikikataa kwa mara ya pili, faili linafungwa mwaka mzima. Mwaka mzima, wakati wakala ametoa miezi mitatu. Mfaume alirudi Namkunda amepungua, wallahi, mpaka kanzu ilimpwaya.

Kesho yake Sikuzani alichukua kikapu chake cha ukili akaenda mahakamani. Karani akamwambia mafaili ya mwaka ule hayaonekani, mengine yameliwa na mchwa, aje kesho. Sikuzani akaitikia ahsante mwanangu, akakaa. Siku ya pili akakaa. Siku ya tatu karani alimletea chai mwenyewe. Siku ya nne Sikuzani akakumbuka kwamba mwaka ule paa lilivuja, na waliohamisha maboksi ya mafaili walikuwa yeye na mlinzi, wakayaweka stoo ya nyuma chini ya viti vibovu, na kwa kuwa kamba iliisha, boksi la mwisho alilifunga kwa upande wa kanga yake mwenyewe iliyochanika. Wakaenda stoo. Kanga ilikuwa palepale, imefifia, fundo ni lake. Ndani mlikuwa na hukumu, kurasa mbili, mshtakiwa ameachiwa huru. Hakimu akagonga mhuri.

Jioni ile Mfaume alimpokea mlangoni, akamwita "nguzo ya nyumba yangu." Somoe alisikia akiwa jikoni. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye aliitwa nguzo, au hata boriti, akakosa. Chakula cha usiku kiliungua upande mmoja.

Mwajabu naye akashika vidole. Alipiga marufuku korosho barazani, akatafuta shubiri, akachanganya na mafuta ya ufuta ya moto kidogo, na kila baada ya magharibi akakaa na bakuli lake, mkono wa Mfaume uko mapajani mwake, anakanda kidole kimoja kimoja taratibu huku anaimba kwa puani. Kidole gumba kinakandwa, cha shahada kinakandwa, na mume amefumba macho kama mtoto wa kunyonya. Siku ya zamu ya Somoe, Somoe alidhani atapumzika kuliona bakuli lile. Alikuwa ameoga, amefukiza udi, amepika kisamvu cha nazi. Mwajabu akaingia na bakuli.

Somoe akamkumbusha kwa upole kabisa kwamba leo ni zamu yake. Mwajabu akamjibu, "Dawa haina zamu, dada," akakaa.

Akakaa palepale, kwenye mkeka wa Somoe, na kisamvu kikapoa. Nawaambia wazi, maana nyie mnapenda kusikia kwamba mtu alivumilia: hakuvumilia. Aliingia ndani akauma mto. Alimchukia Mwajabu kwa mikono yake, akamchukia Sikuzani kwa kanga yake iliyofunga boksi, akajichukia mwenyewe kwa kuwa na macho tu. Jicho haliendi mahakamani wala haliponyi kidole. Siku ya nane ya dawa Mwajabu alivitazama vidole, akatangaza kwamba vimepona, na barua ikija leo basi leo leo waondoke.

Barua ikaja siku ya tisa. Na ilikuja mikononi mwa nani? Somoe aliuza vitumbua na chai stendi, na kondakta wa basi la mkoani, aliyekuwa mteja wake, akamkabidhi bahasha yenye mhuri wa serikali ampelekee mumewe. Somoe aliifungua. Alisoma kila neno: hukumu ije, vidole vije, siku thelathini, na onyo lile la kufungwa faili. Akaona mbele ya macho yake Mwajabu anapanda ngazi za ndege, au Sikuzani anapanda, na yeye yuko chini na sufuria ya vitumbua anapunga mkono.

Aliishika barua juu ya moto wa vitumbua. Pembe moja ikaanza kuwa ya kahawia. Mteja akadai chai, Somoe akashtuka, akaitia kifuani. Alipofika nyumbani akaificha chini ya pipa la unga.

Hapo msinitazame mimi hivyo. Nani kati yenu hajaweka kitu chini ya pipa?

Zikapita siku kumi. Kila jioni Mwajabu alikanda. Kila asubuhi Mfaume aliuliza kama kuna barua, na Somoe, mwenye jicho la kuona yote, alitazama pembeni akasema hakuna. Zikapita siku kumi na tano. Sikuzani alitaka kwenda mkoani kukaa kwenye benchi la afande na ukili wake, Mfaume akamkataza, akasema serikali haipendi kusukumwa. Siku ya ishirini Mfaume aliacha kula. Siku hizo zote Somoe alikanda unga pembeni ya pipa lile. Mara kadhaa aliinua pipa, akaitazama, akalirudisha.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tatu Mfaume alikaa barazani peke yake. Somoe akampelekea chai. Akakishika kikombe, akakiachia haraka, chai ikamwagikia kanzu. Vidole vilivyobeba masufuria ya moto bila kitambaa kwa miaka ishirini vilikuwa vimeungua kwa kikombe cha chai.

Mfaume akacheka, cheko la kwanza tangu siku nyingi. "Mama Zuwena," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "nipozee wewe. Wewe ndiye unayejua ninavyoipenda."

Somoe akaimimina chai kwenye kisahani, akaipuliza, akamnywesha. Hakumbuki kama alipuliza chai au alilia. Ilipokwisha akaenda ndani, akainua pipa, akamletea barua, na akasema uongo mmoja, kwamba kondakta aliisahau kwenye basi. Siku zilizobaki zilikuwa saba.

Walikwenda mkoani wote wanne, kwa kuwa hakuna mke aliyemwamini mwenzake kubaki naye nyuma au kumtanguliza mbele. Wake watatu wakakaa kwenye benchi wamepangana kama mafiga. Afande akasoma hukumu, akaridhika. Akachukua wino, akakibingirisha kidole gumba, na safari hii ikatoka mistari, miembamba, imezunguka vizuri. Akavaa lenzi yake, akavikagua vyote kumi kimoja kimoja. Somoe hakupumua mpaka kidole cha mwisho.

"Baba, vidole vimerudi," afande akasema. "Lakini hii ngozi ni changa, imekamilika juzi juzi tu. Mngekuja wiki mbili nyuma ningewakatalia, na faili lingefungwa mwaka. Aliyewachelewesha mpeni soda."

Mfaume alicheka, Sikuzani alicheka, Mwajabu aliinama kwa kuwa ndiye aliyetangaza kwamba vimepona siku ya nane. Somoe peke yake hakucheka. Maneno yale yalimwingia yakamzunguka kichwani njia nzima ya kurudi, na kila basi liliporuka kwenye shimo, yakaruka nayo. Wahenga walisema chelewachelewa utakuta mwana si wako. Wahenga wale wale walisema haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana mimi wahenga siwaulizi kitu.

Hati ikatoka baada ya wiki mbili. Karatasi nzito, nembo juu, na katikati maneno yale matamu kwamba Mfaume Nangwele hana kumbukumbu yoyote ya kutiwa hatiani. Wakala akaja na fomu ya safari. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mwenza, akasema ataichukua kesho adhuhuri ikiwa imejazwa.

Alasiri hiyo Mfaume akaweka mkeka barazani, akamwita shehe awe shahidi, akaweka fomu na kalamu mbele yake. Shehe akasema kura ilikuwa na wakati wake na wakati huo umepita, kwa kuwa mtu akishaahidi ujira kwa kazi, na kazi ikafanyika, hawezi tena kumpigia kura aliyeifanya. Ila aijue kwanza kazi ni ya nani.

Sikuzani akasema yake kwa ufupi. Bila hukumu, Mfaume angebaki mshtakiwa mpaka siku ya kufa. Nani mwingine angelijua boksi lile? Mwajabu akasema yake. Bila mafuta yake vidole vingekuwa madoa mpaka leo, na hukumu bila vidole ni karatasi ya kufungia karanga. Wakabishana. Mfaume akageuza kichwa huku na huku. Akasema anaona kazi ni ya wawili, na mstari ni mmoja, na hajui la kufanya.

Wawili. Somoe alikuwa amekaa hapo hapo, amemimina chai ya watu wote watano, na hakuna aliyegeuza kichwa upande wake. Hawakumtukana, ningekuwa na nafuu nikiwaambia walimtukana. Walimsahau tu. Akaiona nafasi yake, na akaona vilevile kwamba mlango wa nafasi hiyo ni aibu, na hauna mlango wa pili.

"Kazi ni ya watatu," akasema. "Barua haikusahauliwa kwenye basi. Niliificha mimi chini ya pipa la unga siku ishirini na tatu."

Kisha Sikuzani akasimama, akasema huyu alitaka kuwaangamiza na sasa anataka kulipwa. Akasema dini inahukumu kila jambo kwa nia yake, na nia ya Somoe ilikuwa roho mbaya tupu, basi ujira wake ni mbaya vilevile. Mwajabu akaunga mkono. Shehe akatikisa kichwa kukubali kwamba nia ni kitu kikubwa.

Somoe hakuinua sauti. Akamwambia Sikuzani, dada, twende kwenye nia basi. Siku zile nne za kukaa mahakamani ulikaa kwa ajili ya kumpenda mume, au ili huyu mdogo asipande ndege? Sema mbele ya shehe.

Mtu aliyeishi miaka kumi na moja ndani ya mahakama anajua uzito wa kiapo. Sikuzani akakaa, akasema chini chini kwamba alikuwa hapati usingizi kwa kumfikiria Mwajabu kwenye ndege.

Mwajabu hakungoja kuulizwa. Akakiri kwamba mafuta yangeweza kupakwa asubuhi, au jioni yoyote, au hata mara moja kwa siku mbili, na siku za zamu za wenzake alikuja na bakuli makusudi, ili wamwone.

Shehe akakuna ndevu. Alikuwa ameambiwa apime nia, na mbele yake kulikuwa na nia tatu, na zote zilikuwa moja. Akasema basi tuache nia tupime kazi, na kwa kazi, hukumu ilihitajika, mafuta yalihitajika, na siku ishirini na tatu zilihitajika. Ondoa moja, hakuna hati. Akaaga kwamba anawahi msikitini. Na mimi ningeaga.

Akabaki Mfaume na wake zake. Akavitazama vidole vyake vipya. Mwisho akamgeukia Somoe, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama yeye peke yake.

"Mama Zuwena, nikuulize moja. Siku ile barua ilipokuja, ungejua kwamba vidole havijapona, ungeificha?"

Hapo nataka mkae vizuri. Uongo ulikuwa rahisi, ulikuwa mdomoni. Angesema ndiyo, ningeificha kwa kukuokoa, na nani angemkatalia? Jicho la Somoe likaenda kwenye ule mstari mmoja mtupu wa fomu. Aliutaka, Mungu wangu, aliutaka kuliko alivyopata kutaka kitu. Kisha akamtazama mumewe.

"Hapana," akasema. "Ningekuletea siku ile ile, mume wangu. Uende, ukataliwe, tubaki wote hapa."

Mwajabu alivuta pumzi. Sikuzani alishika kiuno. Mfaume aliinyoosha fomu kwenye goti lake, akachukua kalamu kwa vidole vile ambavyo boksi la kanga lilivitafutia hukumu, mafuta ya ufuta yakavilainisha, na wivu wa mwanamke mmoja ukavipa muda wa kuota ngozi. Kisha, bila kuinua macho, akasema chai imepoa sana leo. Na kati ya wanawake watatu waliokuwa pale, mmoja aliinuka akaenda kuipasha moto. Mnajua ni yupi.

Nimemwacha Mfaume hapo, na kalamu juu ya mstari. Kuna mke wa kanga, kuna mke wa mafuta, na kuna mke wa pipa la unga aliyemkosesha usingizi mume wake akamwokoa bila kutaka, kisha akasema kweli iliyomgharimu. Adhuhuri wakala anarudi kuchukua fomu. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele unayetikisa kichwa tangu nilipoanza, chukua kalamu. Kwenye mstari huo, wewe ungeandika jina la nani?